Kutia Matunda na Viungo Katika Kileo: Somo kwa Vikundi vya Wasikilizaji wa Pwani ya Mtwara

Natumaini kila kikundi kimekwisha kusanyika, na mwandishi wa kikundi yu tayari na daftari na kalamu yake, maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Somo letu ni juu ya kuloweka matunda na viungo katika pombe kali, kama vile vodka, ili ipate ladha, harufu na rangi. Najua kwamba wengi wenu hamnywi kileo, ama kwa ajili ya dini, ama kwa hiari yenu. Hata hivyo nawaomba msizime redio. Katikati ya somo nitasema juu ya sumu inayopofusha macho na kuua, na pengine wewe usiyekunywa ndiwe utakayetakiwa kumkimbiza jirani yako hospitali. Tena, karibu na mwisho nitaeleza jinsi ya kutumia matunda yale yale na viungo vile vile pasipo hata tone moja la kileo.

Tuanze chini ya mkorosho

Kila mwaka, tangu Oktoba hadi Januari hivi, mikorosho yetu ya Mtwara, Nanyamba, Newala, Tandahimba na Masasi huangusha matunda. Korosho huokotwa, hukaushwa na kuuzwa mnadani, kisha magunia hupakiwa melini katika Bandari ya Mtwara na kwenda India na Vietnam. Basi na bibo je, huenda wapi?

Tufanye hesabu kidogo. Mabibo huwa na uzito mara tano hadi mara kumi ya uzito wa korosho zake. Mkulima aliyepata gunia moja la korosho la kilo 80, shambani mwake yalianguka mabibo ya kilo 400 hadi kilo 800. Bibo ni laini, na likianguka huanza kuharibika katika muda wa siku moja. Kwa hiyo sehemu kubwa huoza pale pale chini ya mti, likawa chakula cha nzi. Nalo ni tunda lenye vitamini C nyingi, kupita chungwa mara nne au tano.

Wazee wetu hawakuliacha lote lioze. Mabibo mengine hukatwa na kuanikwa juani, yakawa kochoko. Mengine hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke, yakawa uraka. Tena wako watu wanaouchukua uraka huo na kuukeneka kwa moto, yaani kuuchemsha na kuukusanya mvuke wake, upate kuwa nipa, ambayo mahali pengine nchini huitwa gongo au moshi.

Si sisi peke yetu tunaofanya hivyo. Mkorosho asili yake ni Brazil. Wareno waliuleta Afrika ya Mashariki, na waliupeleka Goa, pwani ya magharibi ya India. Watu wa Goa nao hukeneka maji ya mabibo. Pombe ya mkeneko wa kwanza huiita urrak, na ile iliyo kali zaidi huiita feni. Bila shaka sikio lenu limesikia jinsi urrak na uraka yalivyo karibu. Mwaka 2009 feni ya korosho ilisajiliwa huko India kuwa bidhaa ya Goa, na leo huuzwa madukani katika chupa zenye jina la mtengenezaji.

Sasa tujiulize: feni na nipa zina tofauti gani, ilhali tunda ni lile lile? Tofauti kubwa ni hii: feni ya dukani ina mwenyewe anayejulikana, ana leseni, na pombe yake hupimwa. Nipa hupikwa kichakani usiku, katika chombo chochote kilichopatikana, na anayeinywa hajui amekunywa nini. Hapa kwetu Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 yakataza kukeneka pombe ya namna hiyo pasipo leseni. Basi somo la leo halifundishi kukeneka. Lafundisha kuloweka, nayo ni kazi nyingine kabisa.

Kuloweka ni nini?

Kuloweka ni kuchukua pombe kali iliyokwisha kutengenezwa kwa halali, kuitia ndani yake tunda au kiungo, kungoja siku chache, kisha kuchuja. Alkoholi hufanya kazi ambayo maji peke yake hayawezi. Karafuu, iliki, mdalasini na ganda la ndimu vina mafuta yenye harufu. Mafuta hayo hayayeyuki vizuri katika maji, lakini katika alkoholi huyeyuka. Maji yaliyomo katika pombe nayo huvuta sukari, uchachu na rangi ya tunda. Hivyo alkoholi na maji husaidiana.

Watu wa Poland huloweka matunda katika pombe kali tangu zamani. Karibu na sisi, katika bahari yetu hii ya Hindi, watu wa kisiwa cha Réunion hutia vanila, tangawizi na matunda katika pombe kali ya miwa, na kila nyumba hujivunia chupa yake.

Lakini sasa naomba kila mwandishi aandike sentensi hii kwa herufi kubwa: KULOWEKA HUTIA LADHA, HAKUONDOI SUMU. Hilo ndilo jambo kuu la somo letu.

Sumu isiyoonekana

Kuna alkoholi za namna nyingi. Ile inayolewesha katika bia, mvinyo na vodka huitwa ethanoli. Ndugu yake huitwa methanoli, nayo ni sumu. Zote mbili ni maji meupe yasiyo na rangi, na harufu zake zakaribiana. Methanoli iingiapo mwilini hugeuzwa na ini kuwa asidi kali, nayo asidi hiyo hushambulia mshipa wa macho. Kiasi kidogo chaweza kumpofusha mtu mzima, kikizidi, humuua.

Methanoli hutoka wapi? Matunda yanapochachuka hutoa methanoli kidogo. Katika uraka kiasi hicho ni haba, lakini pombe ikikenekwa na mtu asiyejua kazi, yale yaliyokuwa haba huweza kukusanyika. Hata hivyo, maafa makubwa yaliyoua watu wengi kwa mara moja, mara nyingi yametokana na wachuuzi wenye tamaa waliochanganya pombe na methanoli ya viwandani, ambayo kazi yake ni kuyeyusha rangi na mambo kama hayo. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapoteza macho yao. Mwezi wa Mei mwaka 2014 maafa kama hayo yakarudi Kenya, na makumi ya watu wakafa katika kaunti mbalimbali kwa muda wa siku chache.

Tena kuna hatari ya chombo. Mtambo uliofungwa kwa risasi ya kulehemu, au uliotengenezwa kwa rejeta ya gari, huacha madini ya sumu katika pombe.

Nimesikia watu wakisema, “Sisi twajua kuipima.” Wengine huiwasha moto, wengine huinusa, wengine hutia ndimu au tangawizi, wakasema imekwisha kusafika. Hasha! Methanoli nayo huwaka, tena mwali wake ni wa buluu hafifu ambao mchana huonekana kwa shida. Pua haiwezi kuitenga. Na ndimu haiiondoi. Karafuu na mdalasini, kwa sababu ya harufu yake nzuri, huifanya pombe mbaya ipendeze kinywani. Kwa hiyo mtu anayeloweka viungo katika nipa ameipamba sumu, hakuiondoa.

Dalili zake hazitokei mara moja. Mtu huweza kulewa, akalala, akaamka akidhani ni uchovu wa pombe. Baada ya saa 12 hadi 24 hivi huanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kuhema kwa nguvu, na macho kuona ukungu au weupe kana kwamba vumbi limetanda. Uonapo hayo, usimwambie akalale tena. Usimpe maziwa ukangoja kesho. Mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na mchukue chupa na masalio ya alichokunywa. Mwelezeni mganga ukweli bila kuona haya. Tiba ipo, lakini yataka mgonjwa awahi. Na wote waliokunywa kutoka chupa ile ile wapelekwe, hata anayesema kwamba yu mzima.

Kuchagua kileo

Basi atakaye kuloweka na aanze na chupa iliyofungwa kiwandani. Tazama mambo manne: kifuniko hakijafunguliwa; karatasi yake ina jina la kiwanda; ina alama ya Shirika la Viwango, yaani TBS; na ina stempu ya kodi ya TRA. Usinunue pombe iliyomiminwa katika chupa kuukuu, wala iliyopimwa kwa kikombe. Viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki, vilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017. Ukivikuta mahali, jua kwamba havikupita njia ya halali.

Nguvu ya kileo iwe asilimia 35 hadi 40, kama ilivyoandikwa katika karatasi ya chupa.

Hesabu ya maji ya tunda

Hapa wengi hukosea. Chukua chupa ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 40. Ndani yake mna mililita 300 za alkoholi tupu. Ukitia nanasi lenye maji ya mililita 250, sasa una mililita 1000 kwa jumla, lakini alkoholi ni zile zile 300. Nguvu imeshuka kutoka asilimia 40 hadi 30. Hapo bado ni salama. Ukijaza matunda mpaka nguvu ishuke chini ya asilimia 20, alkoholi haitaweza kuyalinda, nayo yatachachuka na kuota ukungu. Basi kanuni ni hii: kwa chupa moja ya mililita 750, tunda bichi lisizidi gramu 250, yaani robo kilo.

Chombo na kazi yenyewe

Tumia mtungi au chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Usitumie plastiki wala bati, maana pombe pamoja na uchachu wa tunda huvuta vitu visivyotakiwa kutoka katika vyombo hivyo. Osha chombo, kichemshe katika maji, kiache kikauke kabisa.

Osha tunda, ondoa palipooza, kata vipande, tia chomboni, kisha mimina kileo mpaka kifunike vipande vyote. Kipande kinachoelea juu ndicho kinachoota ukungu, kwa hiyo tikisa chombo kila siku mara moja. Kiweke mahali penye kivuli, mbali na moto, maana alkoholi hushika moto upesi. Onja kidogo kila siku kwa kijiko safi. Ladha ikifika, chuja kwa kitambaa safi, rudisha katika chupa, na uandike juu yake: KILEO, pamoja na tarehe. Kiweke mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Na yale matunda yaliyochujwa yamekwisha kunywa alkoholi. Asipewe mtoto, wala yasitupwe mahali ambapo watoto au kuku watayaokota.

Vipimo kwa chupa moja ya mililita 750

Andikeni polepole.

Tangawizi na ndimu: tangawizi gramu 40, iliyomenywa na kukatwa vipande vyembamba, ganda la kijani la ndimu mbili. Lile tabaka jeupe chini ya ganda liondoe, maana huleta uchungu. Siku tatu hadi tano.

Karafuu: punje tatu au nne tu. Karafuu ni kali. Mtu akitia kiganja kizima, kileo kitafanana na dawa ya meno. Siku moja au mbili.

Iliki: punje sita zilizopasuliwa kidogo. Siku tatu.

Mdalasini: kijiti kimoja cha urefu wa kidole. Siku tatu au nne, kisha kitoe.

Ukwaju: gramu 100, uliotolewa kokwa. Siku tano hadi saba. Huu huacha tope. Uchujwe mara mbili.

Nanasi au embe: gramu 250. Siku tano hadi saba.

Ukitaka kuchanganya tunda na viungo, litangulize tunda. Viungo vikali vitie siku mbili za mwisho, upate kuvitoa kabla havijazidi.

Bibo letu

Sasa tulirudie bibo, kwa kuwa lataka uangalifu zaidi. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi na midomo. Kwa hiyo itenge korosho kwanza, kisha kata kipande cha bibo pale ilipokuwa imeshikana nalo, ukitupe. Osha mikono na kisu kabla ya kuendelea.

Tena bibo lina ukakasi unaokaba koo. Ukakasi huo ni tanini. Kuupunguza ni rahisi: chemsha maji lita moja yenye chumvi vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, tia vipande vya mabibo kwa dakika nne au tano, vitoe, visuuze kwa maji safi yaliyochemshwa, vichuje maji yote. Kisha vipime gramu 250, uviloweke siku nne au tano pamoja na kipande kidogo cha tangawizi. Chagua mabibo yaliyoanguka asubuhi ile ile na ambayo hayajapasuka. Mwenye kochoko safi iliyokauka vizuri aweza kutumia gramu 100. Nayo ina faida kwamba haishushi nguvu ya kileo.

Kiasi, na nani asiguse

Kileo kilicholowekwa hudanganya. Utamu huficha ukali. Glasi ndogo ya mililita 30 ya kileo cha asilimia 40 ina alkoholi mililita 12. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25. Maana yake, glasi mbili ndogo ni karibu sawa na bia moja, ingawa zanywewa kwa dakika mbili. Mwenye mimba asinywe kabisa. Anayetumia dawa amwulize mganga kwanza. Na dereva wa bodaboda, au mvuvi aendaye Msimbati au anayevuka mdomo wa Ruvuma kwa mashua, asinywe kabla ya safari. Bahari na mto havina simile.

Jambo la biashara nalo: kuloweka chupa moja kwa ajili ya mezani pako ni mambo ya nyumbani. Kuuza ni habari nyingine. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yataka muuzaji awe na leseni, na bidhaa yapaswa kutimiza viwango vya TBS.

Kwa wasiokunywa, na kwa watoto

Chukua sukari gramu 500, maji nusu lita, tangawizi gramu 50 iliyopondwa, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki punje tano na karafuu punje tatu. Chemsha dakika 10, funika, acha saa nzima, chuja. Tia maji ya ndimu mbili. Hiyo ni sharubati ya kuchanganya: fungu moja la sharubati kwa mafungu manne ya maji safi. Weka mahali penye ubaridi, uitumie katika muda wa wiki moja. Mabibo yaliyoondolewa ukakasi, ukiyakamua na kuyachemsha, maji yake yachanganyika vizuri sana na sharubati hii.

Nasema haya hasa kwa ajili ya mama ambaye hupika nipa ili apate ada na sare za watoto. Namwelewa. Hapiki kwa kupenda uovu. Msimu ni mfupi na mahitaji ni mengi. Lakini akikamatwa, watoto hubaki peke yao. Na mteja wake akipofuka, nyumba mbili zimeharibika. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, kimefundisha watu kutengeneza maji ya matunda, jamu na mvinyo wa mabibo, na ofisi ya SIDO husaidia wenye viwanda vidogo. Mama kumi wakiungana kikundi kimoja waweza kwenda huko pamoja, waulize, wajifunze, na wauze bidhaa zao mchana kweupe. Bibo ni lile lile.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kutia ndimu au karafuu katika nipa hakuifanyi iwe salama?
2. Chupa ya mililita 750 ina nguvu ya asilimia 35. Ukitia tunda lenye maji ya mililita 250, nguvu itakuwa asilimia ngapi? Je, bado ni salama?
3. Jirani amekunywa pombe isiyojulikana jana jioni. Leo mchana asema aona ukungu. Taja mambo matatu mtakayofanya.
4. Katika kijiji chenu mabibo ya msimu uliopita yalikwenda wapi? Hesabuni kwa kukisia: magunia mangapi ya korosho, na kilo ngapi za mabibo?

Swali la nne naomba lijibiwe kwa hesabu. Kikundi kitakachoandika kilo zilizoozeana shambani kitaona wazi ni mali kiasi gani huachwa kila mwaka.